Moto Ndani ya Chuma

Mobile, 14 Desemba 1863

Mpwa wangu Célestine,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakiiona manowari iliyovikwa chuma ni kukitazama chuma. Wanakigonga kwa fimbo, wanasikiliza kinavyolia, kisha wanasema, "Aliyemo humu ana bahati." Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu, na marehemu mama yako angenigombeza kwa utovu huo wa adabu. Lakini umeniuliza swali lile lile mara tatu katika barua moja, nami nataka ulipate jibu hata kama karatasi hii italowana njiani.

Sasa salamu. Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Jirani yetu Philomène anakusalimu sana. Bado anauza mchuzi wa bamia sokoni, na kahawa tunayokunywa tangu vita vianze na meli za majimbo ya Kaskazini zifunge bahari ni ya mbegu za bamia zilizokaangwa, kwa hiyo bamia tunaila na bamia tunainywa. Padri ameuliza hali ya ujauzito wako. Nimemwambia mtoto anakuja Februari, na kwamba atazaliwa huru kwa sababu mama yake ni huru, na hilo hakuna bwana wa kulibadilisha.

Umeandika kwamba Siku ya Mwaka Mpya, watu wanapokodishwa, Bwana Hargrove, anayedai kummiliki mumeo Enos, atamkodisha ama kwa jeshi, aje huku Mobile kuchimba mahandaki, ama kwa manowari mpya, Sipsey, inayojengwa hapo kwenu Selma, akawe mchochea moto. Na safari hii amemruhusu achague. Wewe unaona heri meli. Handakini watu wanakufa kwa homa, na melini, unasema, kuna chuma.

Nikueleze. Chuma chenyewe ni kizuri, sikidharau. Wameyeyusha reli za zamani wakazitandaza kuwa mabamba, maana chuma kingine hatuna. Chini ya mabamba kuna mbao za msonobari na mwaloni, unene wake kama urefu wa mkono wa mtu. Kuta zimeinamishwa kama paa, ili kombora likipiga liteleze. Lakini nyumba si paa peke yake. Msonobari huo umekatwa mbichi, na mbao mbichi hukauka zikaachana na maji yakaingia. Injini hawana ya kwao; watang'oa ya boti fulani ya mtoni iliyozoea kubeba pamba, waiambie isukume kilima. Wachochea moto hukaa chini kabisa, chini ya usawa wa maji, pasipo dirisha. Hewa yao huvutwa na dohani. Dohani ndiyo pua ya meli, na pua hiyo iko nje, haikuvikwa chuma. Tena Zénon, mpishi wa boti, aliyeiona meli ikijengwa, ananiambia kwamba minyororo ya usukani imelazwa juu ya sitaha ya nyuma, nje ya kuta. Aliyeichora alichora ngome kwanza, akaukumbuka usukani baadaye.

Mwambie Enos achague handaki. Homa ina dawa, na mtu aliye handakini ana pa kukimbilia. Huku nitampelekea chakula kila Jumapili. Mwambie kabla ya Mwaka Mpya. Barua hii nampa Zénon mkononi, siyo posta, kwa sababu unazozijua.

Mjomba wako,
Valsin Dubroca


Selma, 21 Februari 1864

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi ni mzima, na sasa tuko wawili: siku ya pili ya mwezi huu nimejifungua mtoto wa kiume. Tumemwita Valsin. Ana masikio yako, pole yake. Dilsey, jirani yangu, aliyenizalisha, anasema, "Huyu kazaliwa mzee. Ananikodolea macho kama hakimu." Enos alimshika siku chache kabla hawajaondoka na meli. Alizunguka naye chumbani akimwambia kila kiti, "Ondoka njiani, bwana mkubwa anapita. Mwanangu huru, mimi ndiye kibarua wake."

Barua yako imenifikia juzi. Boti ya Zénon ilikwama mchangani, kisha jeshi likaichukua kubebea mahindi, naye akatembea na barua kofiani mpaka akapata boti nyingine.

Mwaka Mpya ulikuwa umeshapita, Mjomba. Asubuhi ile Enos aliniuliza mlangoni, "Nimjibu nini bwana?" Nikamwambia, "Chagua chuma." Akasema, "Nitaiva humo kama kiazi." Nikamwambia, "Kiazi kilichoiva hurudi mezani. Waliozikwa handakini hawarudi." Akacheka, akaenda.

Meli imeshushwa majini bila injini na kukokotwa hadi huko kwenu. Nakuomba mawili. Mtafute, mtazame kwa macho yako. Na usimwambie uliyoniandikia. Mkataba ni wa mwaka mzima. Akijua, atafanya nini?

Mpwa wako,
Célestine


Mobile, 19 Machi 1864

Mpwa wangu Célestine,

Nimesoma jina la mtoto mara nyingi. Philomène alinikuta nikilisoma akasema, "Valsin, barua imeisha, geuza ukurasa." Mwambie mwenye masikio yangu kwamba masikio hayo yamesikia mengi na bado yanafanya kazi. Padri ataliandika jina lake katika maombi ya Pasaka.

Enos nimemwona. Mzima, amekonda kidogo. Nimepata nafasi hiyo kwa sababu ya injini. Waliponiita niitazame niliitambua papo hapo: silinda ya kushoto ina kiraka cha shaba nilichokipiga mwenyewe mwaka wa mafuriko. Ni injini ya Eliza Gaines, boti niliyoitumikia kabla hujazaliwa. Kwenye vitabu vya boti fundi alikuwa mzungu mmoja, Pruitt, mtu aliyependa sana usingizi. Injini ilinijua mimi.

Iliundwa izungushe magurudumu mawili makubwa ya pembeni, polepole. Manowari hii haina magurudumu hayo. Ina rafadha, ile feni ya nyuma iliyo chini ya maji, na rafadha hutaka mwendo wa haraka. Basi katikati wameweka magurudumu ya meno. Moja lina meno ya chuma, na mwenzake ana meno ya mti mgumu wa hikori, yaliyopachikwa moja moja. Kazi ikizidi, huvunjika mti badala ya chuma. Unalichomoa jino lililovunjika, unapachika jingine. Wazo si baya. Ila wakati wa kupachika meli husimama, na adui hatasimama nayo.

Enos alipita na toroli la makaa akasema, "Mjomba, mashine yako ina kelele kuliko shangazi yangu kanisani."

"Hukuisikia ilipokuwa kijana," nikamwambia.

"Basi mmezeeka pamoja. Wewe unakwaruza magoti, yeye anakwaruza meno."

Nilimwonyesha namna ya kusoma maji ya boila, na nini cha kufanya yakipungua: usikimbie, usilimwagie maji ya baridi, utoe moto wote kwanza. Anashika haraka. Fundi wao mkuu angekuwa na wanne kama yeye angelala kama Pruitt.

Ile minyororo niliikuta pale pale juu ya sitaha. Nikamweleza luteni anayesimamia ujenzi. Akasema wataifunika wakipata mabamba. Nilipomkumbusha mara ya pili aliuliza kwa sauti, "Mzee, wewe ni fundi au ni admirali?" Wote wakacheka. Nikacheka na mimi. Mtu wa rangi yangu katika chumba kile hucheka wenzake wanapocheka.

Uliloniomba nisimwambie sikumwambia.

Ndani ya kitambaa hiki utakuta kijiti. Lilikuwa jino la hikori lililovunjika kwenye gurudumu. Enos amelichonga na kulisugua kwa mafuta, liwe la mtoto kutafuna fizi zitakapoanza kumwasha. Amesema asipewe akiwa peke yake.

Mjomba wako,
Valsin


Selma, 8 Mei 1864

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mvua zimekoma, mto uko chini. Kiwanda cha kusubu mizinga kinanguruma, na masizi yake yanaangukia nguo nilizoanika, nafua mara mbili. Nashona mashati ya askari. Dilsey ananiletea mkate wa mahindi, kwa sababu siwashi moto siku hizi.

Kijiti nimekipokea. Ni laini sana.

Niambie, kule chini anakofanya kazi, joto likoje?

Msalimie Enos. Mwambie huku hakuna neno.

Célestine


Mobile, 12 Juni 1864

Mpwa wangu Célestine,

Barua yako ilikuwa fupi kama agizo la dukani. Umenitajia masizi, mto na mashati, hukumtaja mtoto. Sikukaripii, najua wanawake wenye watoto wachanga hawana mikono ya ziada. Lakini Enos ameniuliza, "Kasema nini kuhusu mtoto?" Nikamjibu, "Anasema hakuna neno." Alifurahi mno. Alisema, "Mtoto asiye na neno ni mtoto anayeshiba." Safari hii niandikie: anakaa? Ana jino?

Philomène amempoteza kaka yake, yule wa nyumba ya kona. Mazishi yalikuwa mazuri, ingawa kahawa ni ile ile.

Meli imeteremka. Mlango wa mto una fungu la mchanga na Sipsey inazama sana majini; ilibaki juu ya fungu wiki nyingi. Mwishowe waliifunga ubavuni masanduku makubwa ya mbao yaliyojaa maji, kisha wakayapampu maji nje, na masanduku yakapanda yakainyanyua meli. Mabaharia huyaita ngamia. Sasa imetia nanga chini ya ngome, mdomoni mwa ghuba, na kutoka hapo meli za Kaskazini zinaonekana kwa macho. Nilikwenda nayo kurekebisha meno ya magurudumu, wakanirudisha.

Umeuliza kuhusu joto. Kuhusu joto sina la kusema.

Sasa soma polepole. Binamu yangu Théophile, mvuvi wa chaza, huwauzia mabaharia wa ghuba. Siku hizi huvua mbali kuliko zamani, mbali sana, kuelekea meli hizo, na anayetaka kwenda naye huenda. Wako waliokwenda wasirudi, na wanasemekana ni wazima na wanalipwa ujira wao wenyewe. Naamini unanielewa. Nilimweleza Enos tukiwa tunapaka meno mafuta.

Akasema, "Nikienda huko, Selma itakuwa ng'ambo ya vita. Mtoto ataanza kutembea na kumwita mtu mwingine baba."

"Mkeo angependa uende," nikasema.

"Basi aniambie mwenyewe. Wewe Mjomba unapenda kuwasemea watu." Kisha akatabasamu. "Nimekodishwa hadi Mwaka Mpya. Mwanangu ananingoja. Nitavumilia."

Célestine, hatatoka bila neno lako. Liandike, upesi, umpe Zénon.

Ameniagiza pia nikufundishe kuwasha moto. Anasema unarundika kuni kama unajenga ghala. Moto mzuri ni mwembamba na uko sawasawa, ukirundika, unauzima. Nimefikisha, na ugomvi uliobaki ni wenu wawili.

Mjomba wako,
Valsin


Selma, 17 Julai 1864

Mjomba,

Shikamoo. Msalimie Philomène, mpe pole ya kaka yake.

Mtoto amefariki. Alifariki Jumanne baada ya Pasaka, kwa ugonjwa wa koo, siku mbili tu akiwa hoi. Kijiti kilifika akiwa ameshazikwa. Dilsey ndiye aliyemwosha.

Sikuandika. Kila nikishika kalamu nilimwona Enos kule chini akiisikia habari hiyo, na mtu nyuma yake akimwambia aongeze makaa. Pale hana hata pembe ya kulilia. Nikasema, aendelee kuwa na mwana hadi Januari, arudi, nimwambie nikiwa nimemshika. Nilidhani namtunzia kitu. Ulipoandika kwamba alifurahi, nilikaa sakafuni.

Moto siwashi kwa sababu pale jikoni ndipo nilipokuwa nikimpashia mtoto maji ya kuoga.

Sasa mwambie. Mwambie kila kitu, na umwambie ni mimi mkewe ninayesema: aende na Théophile. Asingoje Januari. Hakuna anayemngoja huku ila mimi, na mimi naweza kumngoja popote. Zamani nilimwambia achague chuma. Leo namwambia akiache.

Zénon anasema boti zinazuiliwa, hajui lini itaondoka. Nimemsihi.

Célestine


Mobile, 28 Agosti 1864

Célestine, mwanangu,

Barua yako imenifikia jana. Zénon amenikabidhi akiwa hawezi kunitazama. Naye anajua kilichotokea, na boti yake ilizuiliwa bandarini tangu Julai. Philomène yuko hapa nami. Usiisome hii ukiwa peke yako. Mwite Dilsey, akae.

Enos amefariki. Alifariki mwanzoni mwa mwezi huu, siku meli za Kaskazini zilipoingia ghubani.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu usipoelezwa utajielezea mwenyewe, na maelezo yako yatakuwa mabaya kuliko ukweli. Aliyesimulia ni Primus, mchochea moto mwenzake, aliyechukuliwa na Wakaskazini na sasa ni mtu huru. Alimsimulia Théophile, neno kwa neno.

Sipsey ilikwenda peke yake kukutana na meli nyingi. Waliizunguka na kuipiga asubuhi nzima. Minyororo ya usukani ilikatika, pale pale juu ya sitaha, na kuanzia hapo meli haikuweza kugeuka wala kunyooka. Kisha dohani likaanguka. Moshi uliokuwa ukipanda ukarudi chini. Chini wakaamriwa waendelee kuchochea, wakachochea. Primus alianguka, Enos alimburuta mpaka kwenye ngazi, akamsukuma juu. Enos mwenyewe alikuwa amefika hewani, Célestine. Primus anasema Enos alitazama nyuma, kwenye kioo cha maji ya boila, akasema, "Maji yameisha," akarudi. Boila likikauka moto ukiwa ndani hupasuka, na wangekufa wote. Alitoa moto wote kwa reki, kwa utaratibu, kama nilivyomwonyesha. Meli ilipokwisha kupandisha kitambaa cheupe walishuka wakamkuta amelala kando ya reki. Tanuri zote zilikuwa tupu.

Hakupigwa na kitu. Kuta hazikutobolewa popote. Chuma kilifanya kazi yake yote.

Wamemzika ufukweni pamoja na wengine. Théophile anapajua. Nachonga msalaba wa mwaloni mkavu, na jina lake litakuwa kamili, pamoja na jina la mwanawe.

Alikwenda akidhani mtoto anamngoja. Tangu jana najiuliza kama ni heri au si heri. Sijui. Nilidhani mtu wa umri wangu angejua.

Sasa kosa. Wewe utaitazama barua yako. Utasema ingeandikwa Aprili, angekwenda na Théophile Juni. Ni kama wale wanaogonga chuma kwa fimbo: unagonga kilicho mbele yako kwa sababu ndicho kinacholia. Ulimfichia mumeo msiba kwa huruma. Walioacha usukani nje waliambiwa mara mbili, wakacheka. Na kabla ya usukani kuna neno moja, kukodishwa. Mtu aliwekwa chini ya maji na mtu mwingine aliyedai kwamba ni wake. Hapo ndipo pa kutazama. Tazama hapo, na hasira yako iweke hapo, uache kuiweka juu ya mkono ulioandika.

Vita vikifungua njia utakuja, chumba cha mama yako nimekifagia. Kabla ya hapo sina la kukuamuru ila moja, nalo ni la Enos kuliko langu.

Mjomba wako,
Valsin

Leo, washa moto jikoni, upike, ule. Usirundike kuni.